Faili Isiyoulizwa Inachomwa Jumatano

Mimi nilikuwa mchoma mafaili wa serikali. Cheka, wewe cheka tu. Hata mimi nacheka nikikumbuka, halafu katikati ya kicheko hasira inapanda kama maziwa kwenye sufuria, na kabla sijafika jikoni imeshamwagika.

Juzi mjukuu wangu, huyu anayefanya kazi za kompyuta, alikuja kula chapati zangu akawa anajisifu. Anasema ofisini kwao kuna kompyuta moja kubwa inayotunza mafaili ya watu wote, na yeye ameipangia saa. Faili ikikaa muda fulani bila mtu kuifungua, saa ikifika, inafutwa. Yenyewe! "Hakuna mtu anayegusa kitu, jjajja," ananiambia, anatafuna. Mimi niliiacha chapati ikaungua. Mtoto akashangaa, mbona bibi amenuna? Nikamwambia kula, haya si yako. Lakini maneno hayo, hakuna mtu anayegusa kitu, nilikuwa nimeyasikia zamani sana, na aliyeyasema alikuwa amevaa buti.

Basi kaa nikueleze.

Ofisi yenyewe ilikuwa kilimani Nakasero, upande wa nyuma, chini ya zile ofisi kubwa. Ilikuwa inatunza habari za askari polisi. Nani anakaa kambi gani, chumba gani, ana mke nani, watoto wangapi, shule ipi. Mume wangu alikuwa polisi wa barabarani, wale wa kuongoza magari, na yeye ndiye aliyeniombea kazi pale. Nilifagia, nilipiga deki, nilipika chai. Shule mimi niliiona kwa mlango, nikaingia kidogo nikatoka. Namba nazijua. Herufi nazijua moja moja, zikikaa pamoja zinanichanganya.

Ndani kulikuwa na rafu ndefu za mbao, zimeanzia dirishani, pale watu wanapohudumiwa, zikaishia mlangoni. Sikiliza vizuri hapa. Faili yako ikiulizwa, karani anaitoa, anasoma, anapiga muhuri, akimaliza anairudisha kwenye rafu ya dirishani. Zile ambazo hazikuulizwa, mwisho wa mwezi makarani wanazisogeza rafu moja kuelekea mlangoni. Mwezi mwingine, tena moja. Ilikuwa kama foleni ya sukari, ila hapa aliyefika mbele ndiye aliyepotea. Walisema mzungu mmoja ndiye aliyepanga hivyo, enzi zao. Lakini enzi hizo faili ikifika mlangoni ilishushwa stoo ikalala na panya. Ukirudi hata baada ya miaka inapatikana. Imetafunwa pembe, lakini wewe upo.

Halafu serikali ikawa ya wanajeshi, na sisi tukaletewa afande mpya kutoka jeshini. Mtu msafi huyo! Kabla ya kukaa anapangusa kiti kwa hanchifu. Siku ya kwanza alishuka stoo, akapanda juu anapiga chafya, macho mekundu.

"Serikali hapana tunza panya!" akapiga kelele. "Kuanzia leo, rafu ya mlangoni ni ya moto. Kila Jumatano. Nasogeza kila wiki, hapana ngoja mwezi."

Karani mkuu alikuwa mzee wa Kiganda kutoka Mengo, mpole, anaongea kama anaomba chumvi kwa jirani. Akasema, "Afande, na kama kuna faili ya mtu ambaye bado..."

"Mimi hapana choma mtu," afande akamkata. "Hakuna mtu anagusa kitu. Siku nafika, faili natoka yenyewe. Kama mwenyewe naipenda, kwa nini haulizi?"

Ikatoka yenyewe, eh? Miguu ilipata wapi? Mimi ndiye niliyepewa pipa, kiberiti na toroli. Kila Jumatano nikimaliza chai ya saa nne, nabeba rafu ya mlangoni mpaka uani. Moshi wa karatasi za serikali ni mchungu, unakaa kwenye gomesi, gauni letu refu la heshima, mpaka Jumapili, ukipiga magoti kanisani watu wanageuka kukutazama.

Sasa fikiria mwenyewe ni faili za nani zilizofika mlangoni. Askari aliye kazini, faili yake inaguswa kila akichukua mshahara. Mgonjwa, inaguswa. Aliyehamishwa Mbarara au Jinja, inaguswa. Anayebaki ni nani? Ni yule aliyechukuliwa. Na miaka ile walichukuliwa wengi, zaidi sana watu wa kwetu kaskazini. Gari linasimama, mlango wa nyuma unafunguliwa, basi. Ile rafu ilikuwa inawachagua hao hao, kimya kimya, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Na hakuna aliyeambiwa chagua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mwizi angalau anajua ameiba.

Mume wangu walimchukua mchana kweupe. Alikuwa kwenye kisanduku chake katikati ya njia panda, anaongoza magari, na glavu zake nyeupe ambazo mimi nilizifua jana yake. Watu wa soko la Nakasero waliona. Muuza nyanya mmoja aliniambia alipanda lile gari bila kusukumwa, ameshika kofia vizuri, na magari njia zote nne yakabaki yanapiga honi kwa sababu hakuna wa kuyapa ruhusa. Nilimngoja siku hiyo, nikamngoja kesho yake. Halafu nikafanya kama wanawake wote wa kambi walivyofanya. Nikanyamaza.

Kambini kunyamaza ilikuwa dawa ya kila kitu. Ukienda kuuliza mume wako yuko wapi, kesho kuna mtu anakufuata mpaka kwenye bomba la maji. Watoto tuliwafundisha, mtu akiuliza baba yuko wapi, sema ameenda safari. Kambi nzima ilikuwa imejaa akina baba walioko safari! Tuliamini kabisa kwamba ukikaa kimya, jina lake halitajwi, basi yeye na wewe na watoto mko salama. Ofisini ilikuwa kinyume. Kule, usipolitaja jina lake, ndiyo unalisogeza mlangoni. Lakini nani angejua?

Tuligundua kwa Nalongo. Ndivyo tunavyomwita mama wa mapacha, na huyu alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mpaka nilikuwa namsikia akisonga ugali. Mume wake sajini, naye alikuwa "safari". Asubuhi moja wakaja askari wawili na karatasi.

"Mama, toka. Hiki chumba cha polisi."

"Mimi ni mke wa polisi," Nalongo akasema.

"Polisi gani? Ofisini hakuna faili. Huyo mtu hayupo."

"Hayupo, ndiyo, ameenda safari..."

"Hapana, mama. Hakuwahi kuwepo."

Akashika mlango kwa mikono miwili. "Hakuwahi kuwepo? Na hawa wawili nimewaokota kwenye kuni?" Mapacha walikuwa wamemshika gomesi, mmoja huku, mwingine kule. Wakamtolea godoro, sigiri ya mkaa, na sufuria ikiwa bado na ugali ndani. Shule nayo ikawarudisha watoto, kwa sababu ile ilikuwa shule ya watoto wa polisi, na wao sasa hawakuwa watoto wa mtu. Akaenda kupanga kijumba mtaa wa Kamwokya, kwa Wakongo waliomhurumia.

Mimi nilisimama pale, hasira imenipanda. Kwa sababu palepale nilielewa ni nini nilichokuwa nabeba kwenye toroli. Nilikuwa nadhani nachoma karatasi.

Jioni nikawaita wanawake kwenye bomba. Tulikuwa kama kumi hivi ambao waume zetu wako safari.

Nikawaambia, "Nendeni mkaulize."

"Umerukwa na akili?" mmoja akasema, mrefu huyo, mkali kama pilipili. "Nikaulize yuko wapi, nao wanipeleke huko huko?"

"Usiulize yuko wapi. Uliza chochote. Uliza upuuzi. Karani akishaifungua, inarudi dirishani."

Wee! Ungeona wiki iliyofuata. Mimi nafagia ndani, nasikia wenzangu dirishani, nabana tumbo nisicheke.

"Sebo," yaani bwana, "naomba kujua mume wangu anavaa kiatu namba ngapi."

"Nyabo," yaani mama, yule karani mzee anasema, "wewe mke wake, haujui?"

"Sebo, miguu inakua."

Mwingine alitaka kujua siku waliyofunga ndoa, amesahau. Mwingine eti mume wake ana kovu goti la kulia au la kushoto. Karani anafungua, anasoma, anapiga muhuri, anairudisha dirishani. Hakuuliza mbona siku hizi wake za polisi wamekuwa wasahaulifu. Alinitazama tu mara moja juu ya miwani, mimi na ufagio wangu, akarudi kwenye karatasi.

Yule mrefu aliuliza mume wake ameandikisha wake wangapi. Alisema hivyo kwa mchezo. Akarudi kambini anakuja mbio.

"Wawili! Walahi wawili! Kuna mwingine Lira!"

Tulicheka mpaka tukashika ukuta. "Uliuliza, umejibiwa!"

"Akirudi namuua," akasema. "Nasema akirudi, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu..."

Maji yakawa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa, hakuna aliyefunga bomba.

Ikaenda hivyo kwa miezi. Jumatano pipa langu lilikuwa na karatasi kidogo tu, na afande akaanza kushangaa. Siku moja akasimama nyuma ya karani, akasikiliza mwanamke mmoja akiulizia eti mume wake anapenda chai au kahawa. Afande hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga tungepona mapema. Kesho yake likabandikwa tangazo dirishani, na karani akalisoma kwa sauti, macho chini: kuanzia sasa faili haifunguliwi kwa kuulizwa na mke, ndugu wala rafiki. Mwenye faili aje mwenyewe.

Mwenye faili aje mwenyewe! Uliwahi kusikia tusi kama hilo? Wamemficha mtu, halafu wanasema hatumtaki mke wake, tunamtaka yeye. Mtu anakunywea maziwa yako, halafu anakudai glasi! Nilipiga deki siku ile mpaka saruji ikalia.

Faili ya mume wangu niliijua. Si kwa jina, kwa namba. Ilikuwa namba yake ya polisi, ile iliyoshonwa ndani ya kola ya shati, na nimefua shati hilo miaka. Nikawa kila Jumatano naitafuta kwa macho nikifagia. Rafu ya pili. Ya tatu. Inakuja kwangu pole pole, kama mtu anayetembea usingizini kuelekea shimo, na mimi nimesimama ndani ya shimo na kiberiti. Wanangu walikuwa watatu na chumba kilikuwa kimoja. Lakini chumba si kitu, ningepanga kwingine, ningelala hata barazani. Kilichoniuma ni kwamba siku hiyo ikifika, watu watakuja na karatasi wasimame mlangoni kwangu waniambie hakuwahi kuwepo. Yule mtu! Mwenye kucheka kwa sauti mpaka watoto wa jirani wanaamka!

Jumatano ikafika. Nikaingia na toroli, nikaikuta namba ile iko rafu ya mlangoni, juu kabisa, kama inanisubiri.

Nilifikiri kuiiba. Lakini faili iliyo nyumbani kwako inakusaidia nini? Serikali haisomi kitu kilicho chini ya godoro. Ikitoka rafuni imekufa, hata kama haijaungua. Ilikuwa lazima ibaki pale pale, ndani, mikononi mwao, iwakere.

Basi nikaiacha toroli katikati ya mlango. Nikavua aproni. Nikatoka nje, nikazunguka ofisi, nikaja mbele, nikasimama dirishani kwenye foleni na watu wengine. Zamu yangu ikafika. Karani mzee akainua macho.

"Nyabo? Wewe si wa ndani?"

"Leo mimi wa nje," nikasema. "Naulizia faili ya mume wangu." Nikamtajia namba.

Akanong'ona, "Nyabo, tafadhali. Tangazo unalijua. Mwenye faili aje mwenyewe."

Hapo ndipo maziwa yalipomwagika. Walahi sikupanga. Nilijisikia tu sauti yangu iko juu.

"Sawa, aje mwenyewe! Mwiteni basi!"

"Nyabo..."

"Mwiteni! Aliondoka na watu wa serikali, kwenye gari la serikali, amevaa nguo ya serikali. Mimi sina gari. Mimi sijui njia ya huko. Nyinyi mnaijua. Mnamtaka mwenyewe? Mwiteni aje!"

Mlango wa afande ukafunguka. Akaja na hanchifu mkononi. Foleni nzima ikatazama viatu vyake, mtu mmoja akaondoka taratibu kama amekumbuka kitu sokoni.

"Nani napiga kelele?"

"Mimi, afande. Mchoma mafaili wako."

"Nataka nini?"

"Nataka umwite mume wangu. Tangazo ni lako."

Afande akalitazama tangazo lake. Angesema nini? Kwamba hawezi kumwita? Watu wangejiuliza kwa nini. Kwamba hayuko? Basi yuko wapi? Kuna raia pale, kuna polisi, kuna mke wa mkubwa mmoja aliyekuja kuulizia chumba. Yule karani mzee akasema kwa sauti yake ile ya kuomba chumvi:

"Afande, kama mwenye faili ameitwa, sheria ya zamani inasema faili ingoje mezani mpaka ajibu. Haiendi rafuni. Niandike ameitwa?"

Afande akanitazama, akamtazama karani, akapangusa shingo.

"Andika," akasema. "Halafu toa huyu mama mbele yangu."

Karani akaandika. Neno moja tu, na muhuri. Askari wa mlangoni akanitoa, na mkanda aliutumia, sitakuficha, bega hili la kushoto likija baridi bado linamkumbuka. Kazi yangu iliishia hapo. Nikawa naenda Kamwokya kuuza mandazi na Nalongo. Lakini chumba changu kambini hakuna aliyekuja kukigusa, kwa sababu ofisini kulikuwa na faili, na faili ilikuwa inangoja.

Wenzangu wakasikia, na mmoja mmoja wakaenda dirishani. Hakuna tena viatu wala chai wala kovu. Neno moja tu. Mwiteni. Yule mrefu alipiga meza akasema, "Mwiteni, na yule wa Lira nitamlipia nauli!" Karani anaandika, anapiga muhuri, anaweka mezani. Meza ikajaa, wakaongeza nyingine. Afande anapita pembeni yake kila asubuhi, anachukia vumbi, na vumbi linakaa juu ya yale mafaili, na hawezi kufanya kitu. Kwa sababu ili afute lile neno, ilikuwa lazima mtu aandike kwa nini mwenyewe hawezi kuja, na aweke sahihi. Nani angeweka? Wote walikuwa hawagusi kitu!

Serikali ile ikaanguka. Tulipiga vigelegele, tulicheza, wengine walikimbia, hayo unayajua. Yule karani mzee alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa wake wa kifua, Mungu amlaze pema. Nikaitwa ofisini. Nikamkuta afande mwingine, kijana, mwenye miwani, sauti laini. Akanipa kiti. Mimi, kiti! Akaagiza chai, mtu mwingine akaileta.

"Mama," akasema, "tunasafisha meza. Hii faili imekaa sana. Tumalize pole pole. Wewe niambie tu kwamba mzee alifariki, mimi naandika, unaweka dole gumba hapa, tunaifunga vizuri kabisa, kwa heshima."

Alikuwa mtu mzuri. Nilimtazama, nikaona ni mtu mzuri, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Nani amekuambia alifariki?"

"Mama, sisi sote tunajua..."

"Unajua? Ulimwona? Amelala wapi? Niambie ni wapi nikapalilie."

Akafungua faili, akaifunga tena.

"Mimi sikumwita," nikasema. "Nyinyi ndio mlimwita. Muhuri ni wenu. Mtu ukimwita, unamngoja, hata kama umechoka. Siku ofisi hii itaniambia ilimpeleka wapi, siku hiyo nitaleta dole gumba, na vidole vingine vyote nitaongeza. Leo hapana."

"Sasa mimi niandike nini, mama?" Alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, kweli hajui.

"Usiandike kitu. Irudishe mezani."

Akairudisha. Nikanywa chai yao mpaka mwisho, ilikuwa na sukari nyingi, miaka ile sukari ilikuwa dhahabu na mimi sikutaka kuwaachia hata tone. Nikasimama nikaenda zangu, nateremka Nakasero peke yangu naongea kwa sauti, watu wananipisha.